Roshani ya Watu Wawili

Ofisini kwa Lavingia, Barabara ya Nkrumah,
feni inagawa joto kwa zamu
na Shufaa amenitandikia mezani
picha za vyumba vitatu vya meli
kama muuza leso ajuaye sitatoka mikono mitupu.
Safari ni ya Norwe, mwezi wa pili,
wakati ambao sisi huku twalala sakafuni
na mlango tumeuegemeza kiatu.

Cha kwanza ni cha ndani. Hakina dirisha.
Ukizima taa, asema, hujui usiku wala mchana.
Bei yake nzuri.
Mwanangu, nikamwambia, chumba hicho nakijua.
Marehemu Shee alifanya kazi humo miaka ishirini na sita:
ghala la barafu, Liwatoni,
kuta nyeupe, balbu moja, jodari wamepangwa kama kuni.
Januari, saa nane za mchana, alirudi
kabuti begani, nyusi zimelowa,
na watoto wa Kibokoni wakimfuata
wakimwuliza kama ametoka Ulaya.
"Natoka jirani yake," akiwajibu.

Cha pili kina dirisha, lakini,
na hapa Shufaa alishusha sauti,
mbele yake imening'inizwa mashua ya kuokolea watu.
Utaona rangi ya chungwa
na, ukichuchumia, bahari kidogo.
Nikacheka. Dirisha letu nilipozaliwa
lilitazama ukuta wa jirani, shibiri mbili, si zaidi,
na kwa mwanya ule nilijua nani kaposwa,
nani kapika biriani asialike mtu.
Ningeweza.
Ila kwenda mbali kote huko, kuchungulia?

Cha tatu kina roshani.
Roshani!
Kwa bibi ilikuwa ya mbao, ya nakshi, juu ya duka la Bohora,
naye nyuma yake na sinia ya mchele
akiiona njia yote asionekane.
Hii ni kioo na chuma, viti viwili,
na nje nyuzi kumi chini ya sufuri.
"Nani atakaa hapo?"
"Watu hutoka," asema Shufaa, "mianga ya kijani
ikianza kutembea mbinguni. Hutoka na blanketi."

Kisha bei. Mbona kubwa hivi?
Akazungusha kiti. Bi Mwanakheri,
chumba huhesabiwa watu wawili.
Hata ukilala peke yako, walipia wawili.

Nje, lori la kontena likapiga honi ndefu.
Miaka minne nalala upande mmoja wa kitanda
na hakuna aliyenitoza.

Sikumwambia kwamba nimejizoeza.
Wiki nzima nafungua friza, naingiza mkono hadi kiwiko,
nahesabu hamsini, sitini,
mpaka mjukuu akauliza nimepoteza nini mle.
Wala sikumwambia la kabuti,
lililo bado nyuma ya mlango,
linukalo samaki siku za mvua.
Nimelianika, nimelishona vifungo viwili.
Mikono yake hunipita vidole:
glavu za bure.

Nikaomba nipunguziwe. Akasema kompyuta haipatani bei.
Mombasa hii? Hata sanda hupatana bei!
Lavingia mwenyewe akatoa kichwa mlangoni,
akaniondolea nauli ya kwenda uwanja wa ndege,
akarudi ndani.

"Basi andika roshani," nikasema. "Watu wawili.
Mmoja atalala, mmoja atatundikwa."
Hakuelewa. Akaandika.

Nilikuwa nishasimama, mkoba kwapani,
ndipo nikakumbuka:
"Na mlango huo wa roshani, ukijifunga nami niko nje,
yupo wa kunifungulia?"
Shufaa akatazama kioo cha kompyuta,
akashuka na ukurasa, akapanda nao tena,
akasema atauliza.